Ukiandika, Umenunua

Mama anayeuza magazeti nje ya kibanda changu ana sheria moja tu, na ameiandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni: UKIANDIKA, UMENUNUA. Gazeti lisilouzwa hurudishwa jioni kwa gari la kampuni, na gari halipokei gazeti lililochorwachorwa. Soma ukiwa umesimama, soma ukiegemea nguzo ya stima, soma hata kurasa za vifo mpaka utokwe na machozi, hayo yote anaruhusu. Lakini ukitoa kalamu mfukoni, yeye hunyoosha mkono wa malipo.

Mimi ni fundi wa saa. Kibanda changu kiko Nakuru mjini, kwenye veranda ya duka la vitambaa, na ni kidogo kiasi kwamba nikipiga chafya napoteza skrubu za wiki nzima. Siku hizi watu huangalia saa kwenye simu, kwa hivyo kazi yangu kubwa ya asubuhi ni kungoja. Mama magazeti huchaji simu yake kwangu, nami husoma gazeti moja bila kulinunua. Hayo ndiyo makubaliano yetu tangu alipohamia hapo. Siasa sina haja nayo. Nina haja na chemshabongo, ile ya miraba myeusi na myeupe unayojaza maneno ya mlalo na ya wima. Kwa kuwa siruhusiwi kuandika gazetini, nilijipatia daftari la hesabu la watoto wa shule, lile lenye vijisanduku, nikawa nainakili humo kila asubuhi kwa rula.

Nikiri mapema kwamba nina kiburi. Sipendi kusaidiwa. Marehemu mke wangu alizoea kusema kwamba nikizama ziwani nitamuuliza kwanza mwokoaji amesomea wapi.

Basi asubuhi moja nikakwama. Swali lilisema: ndege wa ziwani mwenye miguu mirefu na rangi ya waridi, herufi tano. Aibu iliyoje! Nimeishi Nakuru miaka thelathini. Nimewaona ndege hao wakijaa ziwa lote, kabla maji hayajapanda na wengi wao kuhama. Nikaandika flamingo kwa penseli, nikahesabu: herufi nane. Nikahesabu upya, nikidhani labda moja itapungua.

"Mzee, si hiyo ni flamingo?" akauliza mwanaboda wetu wa kona, mtu mzima mwenye wajukuu, anayependa habari za watu kuliko abiria.

"Flamingo ni nane. Hapa ni tano."

"Basi wamechora vibaya. Mtu wa Nakuru hawezi kosea flamingo."

Mama magazeti alikuwa ameinama akipanga magazeti yake. Hakuinua hata macho. "Ni heroe," akasema.

"Ni nani huyo?"

"Heroe. Hivyo ndivyo flamingo anaitwa na Kiswahili, fundi."

Nilicheka kile kicheko cha puani, cha mtu anayejua zaidi. Nikaviacha visanduku vyote vitano wazi. Kesho yake majibu yalipochapishwa, heroe alikuwa ametulia mahali pake kama mwenye nyumba. Nikajikaza ningoje "si nilikuambia." Haikuja. Alinipa gazeti la siku hiyo, akachomeka simu yake, akarudi kwenye kiti chake. Ingekuwa mimi, ningemkumbusha mpaka Krismasi.

Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia vizuri. Alikuwa mjane kama mimi, watoto wake wakubwa, na aliyasoma magazeti yote kila siku kabla hayajarudi, mpaka matangazo ya kupotea kwa hati za mashamba. Alikuwa na namna ya kufikiria jibu akiwa amekunja midomo kana kwamba anaonja chumvi. Nikataka kuiona tena ile midomo. Kesho yake nikamuuliza neno moja, keshokutwa mawili. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa namuuliza nusu ya chemshabongo, nikirudi nyumbani nimechangamka kama niliyekunywa kitu.

Lakini kulikuwa na taabu moja. Maneno mengi niliyajua. Nikawa naogopa kwamba nitayajua yote, nikose la kuuliza. Nikabuni mpango wa kihuni ambao hadi leo nikiukumbuka natabasamu peke yangu. Kila alfajiri nilipita stendi ya matatu, nikanunua gazeti lilelile kwa muuzaji mwingine, nikalificha ndani ya koti kama bangi. Nilikaa nalo kwenye hoteli ya chai na mandazi, nikajaza chemshabongo yote, kisha nikachagua kwa makini yale nitakayokuwa siyajui siku hiyo. Nikifika kibandani nilikuwa mjinga aliyejiandaa.

Uzuri ukizidi huharibu, nami nilizidisha.

"Mama," nikasema siku moja, nikikuna kichwa, "mtoto wa ng'ombe, herufi tano."

Aliniangalia kwa muda mrefu. "Fundi, wewe ulilelewa wapi?"

"Rongai."

"Na kwenu Rongai hakukuwa na ng'ombe?"

"Walikuweko. Lakini wote walikuwa wakubwa."

Mwanaboda alilazimika kushuka kwenye pikipiki ili acheke vizuri. Mama magazeti hakucheka. Alikunja midomo, akaonja chumvi yake, akasema polepole, "Jaribu ndama." Nikaandika ndama kwa mwandiko safi, nikamshukuru sana.

Tuliishi hivyo miezi minane, nami sikuona sababu ya kubadilisha chochote. Kisha Jumatatu moja, akiwa anachomoa simu yake, akaniambia habari kama mtu anayetaja hali ya hewa. Dada yake alikuwa amepata nafasi ya biashara Gilgil, karibu na barabara kuu, mahali ambapo magari husimama na wasafiri hununua. Alimtaka wakae pamoja. "Nitamaliza wiki hii hapa, nimwambie Ijumaa kama naenda," akasema. "Huku wateja ni wa kusoma bure."

"Ni vizuri," nikasema. Mimi, mwenye daftari zima la maneno, nikakosa lingine.

Wiki hiyo sikuwa na akili. Nilimrudishia mteja saa ya ukutani ikiwa na mshale mrefu mahali pa mshale mfupi, naye akaja kuniambia kwamba nyumbani kwake chakula cha mchana kimeliwa saa kumi na mbili. Nilikasirikia Gilgil yote, barabara yake na viazi vyake. Nilimkasirikia dada mtu ambaye sijawahi kumwona. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana yote niliyokuwa nimemuuliza yule mama kwa miezi minane yalikuwa yameandikwa na mhariri wa gazeti. Langu mwenyewe sikuwa nimeuliza hata moja. Nilimpenda, na nilikuwa naogopa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ijumaa ikafika. Alfajiri nilijaza chemshabongo hotelini kama kawaida. Kibandani akanipa gazeti letu. Nikaliweka mezani, nikafungua ukurasa, nikashika kalamu. Nilikuwa nafikiria namna ya kuanza, nikasikia yeye akimwambia mwanaboda kwamba dada yake atapiga simu saa nne. Saa zote za kibandani zilikuwa zinaonyesha saa nne kasoro robo, isipokuwa zile zilizoharibika.

Sijui mkono wangu uliingiwa na nini. Nilipotazama chini, nilikuwa nimejaza chemshabongo yote kwa wino. Si daftarini. Gazetini. Maneno yote ya mlalo na ya wima, mbio mbio, bila kusita wala kufuta, hata yale magumu ambayo yeye mwenyewe angehitaji muda kuyafikiria.

Kivuli chake kikaanguka juu ya meza. "Umeandika," akasema.

"Nimenunua," nikasema, nikaanza kupapasa mifuko.

"Wacha mifuko kwanza." Aliinamia ukurasa, akapitisha kidole kwenye kila mstari kama mwalimu anayesahihisha. "Yote. Na hujaniuliza hata moja."

Nikaona hapa hakuna pa kujificha, kibanda chenyewe hakina hata pazia. "Nilikuwa nayajua. Siku zote nilikuwa nayajua. Nanunua gazeti kule stendi asubuhi, naja hapa najifanya."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Fundi, wauza magazeti wote tunachukulia mzigo kwa gari moja, saa kumi na moja. Yule wa stendi aliniambia wiki ya kwanza. Akasema fundi wako wa saa ananunua kwangu akiangalia nyuma kama mwizi."

Masikio yangu yaliwaka moto. "Na mbona ulikuwa unanijibu? Hata ndama?"

"Ulikuwa unauliza vizuri," akasema, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyeangalia chini.

Mwanaboda alikuwa amezima injini. Abiria aliyemngoja alikuwa amevua helmeti ili asikie. Nikaona heri nusu shari kuliko shari kamili, nikasimama, nikagonga kichwa kwenye taa, nikakaa tena.

"Basi niko na swali moja lenye sijui jibu lake," nikasema. "Usiende Gilgil. Baki hapa. Na si kwa ajili ya biashara, ni kwa ajili yangu. Nataka tuoane, kama utanikubali."

Alikunja midomo. Nilingoja nikiwa nasikia kila saa ya kibandani ikienda kwa mwendo wake, maana hakuna milio miwili iliyokuwa inakubaliana. Simu yake ikaanza kuita kwenye soketi yangu, nayo ilikuwa ya dada yake. Akaiacha iite. Akachukua kalamu yangu mezani, akanishika mkono wa kushoto, akakifungua kiganja. Akaandika taratibu, herufi tano, kubwa kubwa, kila moja na nafasi yake kana kwamba anajaza miraba: NDIYO.

Kisha akaifunika kalamu, akachomoa simu, akarudi kwenye kiti chake na kuanza kuyanyoosha magazeti.

Mwanaboda alikuja kunishika mkono, akausoma, akaugeuza, akausoma tena. Halafu akaiangalia ile katoni ya sheria.

"Sasa mathe," akasema, "si wewe ndio husema ukiandika umenunua?"

"Kwani nimekataa?" akajibu.