Nusu Nayo Ilikuwa Inashuka

Ilianza Jumanne, saa tano na dakika ishirini, mbele ya tablo, ule ubao mweusi wa darasa. Mwalimu wa hesabu aliandika −3 ½ + 1 ¼, akaniita mimi, ambaye hata kuomba chaki naona haya. Nilijibu −1 ¼. Darasa zima likacheka. Mwalimu akafuta jibu langu, akaandika −2 ¼.

"Kesho weye wa kwanza tena," alisema. "Ukikosa, utakuya na mama."

Sikuthubutu kuuliza nimekosea wapi. Na mama anauza unga katika soko la Kenya, mtaa wetu. Asubuhi ndiyo saa yake ya wateja. Nilifika nyumbani bila kumwambia kitu.

Alinituma maji. Kisima chetu kiko nyuma ya jikoni, na kamba yake ina vifundo, kimoja kila mita, kuanzia kwenye ndoo. Baba alivifunga ili tujue maji yameshuka mpaka wapi wakati wa jua kali.

"Leo iko saba na nusu!" mama alisema toka mlangoni.

Nikashusha, nikihesabu. Fundo la saba likapita mkononi, ndoo bado inaning'inia.

"Mama, maji hakuna!"

"Na ile nusu, unafikiri iko inapanda? Shusha tena, mutoto wangu!"

Nikashusha nusu. Chubwi!

Nikabaki nimeshika kamba kama mjinga. Kwenye tablo nilikuwa nimeshuka tatu, halafu nikapanda nusu! Kumbe ile alama ya kutoa inavuta namba nzima pamoja na nusu yake.

Nikavuta ndoo, nikamwaga maji, nikashusha ndoo tupu mpaka tatu na nusu, nikavuta juu moja na robo. Zikabaki mbili na robo.

"Uko unacheza na kamba sasa?"

"Hapana, mama. Ni hesabu."

Nikamweleza yote, hata kicheko cha darasa. Alicheka yeye pia, lakini kicheko chake hakikuniuma.

"Basi kesho apana kuita mi," alisema. "Ita kisima."

Usiku nililala vizuri.

Asubuhi mwalimu aliandika −5 ⅔ + 2 ⅓. Chaki ilikatika. Nilichora kamba ndogo pembeni, nikashuka tano na theluthi mbili, nikapanda mbili na theluthi moja, nikaandika −3 ⅓. Mwalimu alitazama ile kamba, akatikisa kichwa kukubali. Nikafuta vidole kwenye sketi, nikarudi kukaa.