Meli ya Angani Aliyoahidiwa Bibi

Ungeisikia kabla ya kuiona. Jumapili za mechi kubwa, tukiwa hata viatu vya kanisani hatujavua, mngurumo mzito wa taratibu uliingia kwa dirisha la jikoni, kama mashine ya kusaga iliyo kijiji cha pili. Nilikuwa na miaka kumi, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na tulikaa ghorofa ya tatu huko Landover, si mbali na uwanja mpya wa mpira, ule mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono. Nilikimbilia roshani. Juu ya maghala, alikofanya kazi Baba, meli ya angani ilikuwa imening'inia: puto refu la rangi ya fedha, lenye injini ubavuni na kibanda cha watu chini yake, limetuna kama tumbo la Mama, ambaye alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Ndege zilipita zikikimbia. Yenyewe ilijivuta, ikasimama kidogo, ikageuka kutazama upande mwingine. Nilitaka kujua kila kitu: nani yumo, anakula nini, akibanwa na haja anafanyaje. Baba alinijibu bila kuinua macho kwenye gazeti kwamba hiyo ni ya matangazo tu, inapiga picha za televisheni.

Nyumbani mwaka ule hatukuwa na mazungumzo mengine ila ya Bibi. Mama alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka sita; karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na angetoka nchini asingeruhusiwa kurudi. Sasa alikaribia kujifungua, na kwetu Newala mama mzazi huja kumkanda binti yake kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto hadi arobaini. Nauli ilikwishapatikana. Aliyekataa kupanda ndege ni Bibi mwenyewe. "Chombo kinachokwenda kasi namna ile kinakimbia nini?" alisema kwenye kaseti, maana sisi hatukuandikiana barua, tulizungumza kwenye kaseti tukampa mtu anayesafiri. Mama alisikiliza mara mbili, akazima redio, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Zamu yangu ya kurekodi ilipofika, nilimwambia Bibi kwa Kiswahili changu cha kuokoteza kwamba huku iko ndege isiyo na haraka, inapita chini mpaka unaona watu wakianika nguo, na ndiyo itakayomleta. Sikuona kama nadanganya. Nilimpa nilichokuwa nacho. Baada ya wiki tano jibu likaja pamoja na mfuko wa korosho, na sauti ya Bibi imechangamka: "Haya basi! Hiyo nitapanda. Mwenda pole hajikwai. Mjukuu wangu, waambie waniwekee nafasi karibu na dirisha." Alikuwa amekwisha kupiga picha ya pasipoti na kuwaaga majirani. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Umemkodia bibi yako puto?" Mama hakucheka. Aliweka mkono tumboni, akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Wewe ndiye uliyemwambia hayo, na wewe ndiye utakayemwambia ukweli. Na asipokuja, ujue." Loo, lile "ujue" lilinikosesha hamu ya kula.

Kabla ya kukiri, nilitaka kuhakikisha kwamba kweli haiwezekani. Jumamosi Baba alinishusha maktaba, na mkutubi mmoja mpole akanirundikia vitabu. Kumbe! Zamani meli hizi zilivuka bahari na abiria, zikiwa na vitanda, meza za vitambaa vyeupe, na moja ilikuwa hata na piano. Watu walidhani ndizo zitakazotawala anga. Kisha moja kubwa, iliyojazwa hidrojeni, ikashika moto ikitua New Jersey, na watu wakaogopa. Ndege nazo zikazidi kwenda mbali na upesi, na biashara ile ikafa. Zilizobaki hujazwa heliamu isiyowaka, nazo kazi yao kutazama mpira. Nilikuwa karibu kufunga kitabu nilipoona ramani ya Afrika yenye mstari. Katika vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walituma meli ya angani kutoka Ulaya, imejaa risasi na dawa, iwaendee askari wao Afrika Mashariki, na ilikotakiwa kushuka ni uwanda wa juu wa Makonde. Kwetu! Kwa Bibi! Ilivuka bahari, ikavuka jangwa, ikafika Sudani, ikaitwa kwa redio irudi, mambo yamekwisha kuharibika huko. Ikageuka. Niliweka kidole pale Sudani, sikukiondoa mpaka Baba akaja kunichukua.

Nilirekodi nikiwa nimejifungia bafuni. Nilimwambia Bibi nimekosa, meli yenyewe haichukui abiria, na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa, nikamsimulia ile iliyogeuka. Tukangoja. Mama hakunigombeza hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi.

Jibu lilifika Januari, Mama hawezi tena kufunga viatu. Kaseti ilianza kwa jogoo kuwika, ndipo Bibi akasema. Baba yake na mdogo wa baba yake walibebeshwa mizigo katika vita vile vile. Yule mdogo alikufa kwa kuhara njiani, akazikwa bila sanda. "Kumbe dawa ilikuwa angani," alisema. "Imefika Sudani, ikarudi." Mama alikuwa analia waziwazi. "Sasa sikiliza, mjukuu wangu. Ulidanganya, ukasema kweli, yamekwisha. Maji nimekwisha kuyavulia nguo, nitayaoga. Mwambie mama yako achemshe ya kumkanda. Nakuja na hiyo hiyo ya mbio. Mimi sigeukii Sudani."

Alifika siku nne kabla ya mdogo wangu kuzaliwa, kanga ameifunga juu ya koti la kuazima. Alimkumbatia Mama muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kiko wapi chombo chako?" Msimu wa mpira ulikuwa umekwisha, angani hapakuwa na kitu. Alikanda, akaogesha, arobaini ikapita, akarudi Newala bila kukiona.

Siku hizi nakaa Fairfax, si mbali na Landover, na nikipanda ndege nafika Dar es Salaam siku ya pili na bado nalalamikia foleni. Bibi amelala Newala. Nasoma kwamba wapo wanaounda tena meli za angani, zipeleke mizigo na dawa mahali pasipo barabara wala uwanja wa ndege, na wapo wanaowacheka. Sijui nani atakuwa sahihi. Ahadi hii si ya kwanza, na mimi mwenyewe niliwahi kuitoa. Ila zikirudi kweli, nitakata tiketi, karibu na dirisha. Tukifika juu ya Sudani sitalala. Nataka nione tukipita.