Alama Moja Nyuma ya Origine

Miye niko muntu wa mashaka. Hata ukinisalimia na kucheka, nitajiuliza unataka nini.

Kazi yangu ilikuwa kutunza fiche, ni kusema habari za bashofere, mu kampuni moja ya malori yenye kubeba shaba upande wa mugodi wa Kinsevere. Zilikuwa mu kompyuta, mu luga ya XML, na miye ndiye niliandika DTD yake, ile karatasi ya sheria yenye kuambia mashine: kila fiche lazima iko na jina, kisha permis ya kuendesha, kisha origine, ni kusema kwenye wazazi balitoka. Fiche ikikosa kimoja, mashine inaikatala.

Asubuhi moja nikakuta mashine inapokea fiche zenye hazina origine. Nikafungua DTD. Nyuma ya neno origine, muntu alitia alama ya kuuliza. Mu DTD alama ile inasema: kikiwako sawa, kikikosa sawa.

Tulikuwa babili tu mu ile biro. Mwenzangu alikuwa mama mumoja, muzaliwa wa hapa Lubumbashi, lakini wazazi bake balitoka Kasai. Nikajisemea, aha, anaficha bandugu yake, bashofere ba Kasai. Kikulacho kiko mu nguo yako. Sikumuuliza. Nilipanda moja kwa moja kwa chef, mukubwa wetu wa kazi.

Chef akamufukuza ile siku. Mama alirudi mu biro kuchukua sakoshi yake ya mukononi, akasimama mbele ya meza yangu.

"Papa, ungeniuliza kwanza," akasema. "Nilikuwa mutoto wakati balitufukuza huku, siye ba Kasai. Balikuja na liste ya majina, balisoma origine, tukalala mu gare ya treni na mama. Shofere anaendesha lori na permis yake, haendeshi na kijiji cha nkambo, cha babu yake."

"Sheria ni sheria, mama," nikamujibu. Moyoni nikasema, anajikinga huyu.

Nikaondosha ile alama. Nikaita bashofere mumoja mumoja, nikajaza origine zao. Bale ba Kasai balijibu polepole, bila kuniangalia. Nikafikiri nabo bako na kitu banaficha.

Juma ileile chef akaingia, akafunga mulango.

"Nitolee liste ya ba Kasai," akasema. "Bote."

"Ya nini, chef?"

"Weye toa tu."

Nikakumbuka ile liste mama alisema, nikasikia haya. Nikabonyeza. Liste ikatoka mara moja, hakuna jina lenye lilikosa, sababu nilikuwa nimejaza origine zote na mukono yangu.