Mishubiri Mifupi ya Jirani Yangu

Nyumba yetu iko mlimani, upande wa jiji unaotazama ziwa, na kiwanja chenyewe ni mawe matupu. Fundi aliyejenga msingi aliniambia nisahau habari za bustani. Wakati huo nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja Nyakato, na kila niliporudi jioni nilikuta mawe, kokoto na vumbi. Nilipanda michungwa ikakauka. Nilipanda mchicha, mvua moja ikauteremsha pamoja na udongo wake hadi kwa watu wa chini.

Aliyenionyesha cha kupanda ni jirani yangu wa upande wa juu, mama mjane wa Kisukuma, umri sawa na mama yangu mzazi. Alikuja na machipukizi sita aliyoyafunga kwenye kipande cha gunia, ametoka nayo kwao, kule kukavu upande wa Shinyanga. Ilikuwa mishubiri, lakini si ile mirefu ambayo watu huiita alovera na kuipaka usoni. Hii ilikuwa mifupi, mkubwa kabisa haukuzidi bakuli, majani manene yenye madoa meupe. Alisema hutoa maua ya rangi ya chungwa katikati ya kiangazi, wakati kila kitu kingine kimekata tamaa.

Nilitaka kuipanda papo hapo. Akanizuia, akaiweka kivulini siku nne mpaka vidonda vya mizizi vikauke. Kisha tukachanganya kokoto na mchanga wa ziwani, tukajaza nyufa za mawe, tukaichomeka humo.

"Usiihurumie," aliniambia. "Ukiimwagia maji kila siku utaiua."

Nilifuata alivyosema. Mwaka wa pili ile sita ilikuwa imezaa, ikawa zaidi ya thelathini, na mwaka wa tatu ikaanza kuchomoza vikonyo vya maua. Sijawahi kungoja kitu namna ile. Kabla ya kwenda kazini nilipita jiwe kwa jiwe kuangalia vimefika wapi. Halafu asubuhi moja nikakuta vikonyo vitatu vimekatwa. Siku mbili baadaye vinne. Majani nayo yalikuwa yametafunwa ncha, ingawa wakati ule niliona yamekatwa tu, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumtafuta mtu.

Jumamosi moja nilitoka kazini mapema, nikamkuta yule mama bustanini kwangu, amesimama kati ya mishubiri na jani mkononi. Alikuwa akifuga kuku, na nilijua huwa anawatilia shubiri kwenye maji ya kunywa. Alinisalimia kama kawaida, akasema ametoa jani lililooza, akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama, nikihesabu vikonyo vilivyobaki.

Mke wangu alinishauri nimuulize kwa upole, nyumbani kwake, tukiwa wawili. Nilisema nitafanya hivyo. Lakini kesho yake, nikishuka bombani, nilimkuta kwenye foleni ya maji na wanawake wengine watatu wa mtaa wetu, na maneno yakanitoka.

"Mama, maua yangu unayapeleka wapi?"

Wale wanawake waligeuka kututazama. Yeye aliweka ndoo chini, akanitazama.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekupa," alisema. "Ningeyataka, ningekuomba."

Alijitwika ndoo yake, haijajaa, akapanda mlima. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu. Nikimwamkia alijibu marahaba, akapita. Vikonyo viliendelea kukatwa, na mimi nikaamini ananikomoa. Niliweka miiba kuzunguka mawe. Mke wangu aliacha kuzungumzia jambo hilo, na ukimya wake nao niliuchukua kama kuniunga mkono.

Masika yaliyofuata mwanawe wa kiume alikuja kumchukua, akahamia kwake Sengerema. Nilikuwa kazini siku alipoondoka. Mke wangu alimsindikiza hadi kivukoni, mimi hata sikuuliza waliongea nini.

Kiangazi kilipofika nilikuwa likizo. Nilikaa barazani na chai, jua limeshapanda, nikaona pimbi anatoka kwenye ufa wa jiwe kubwa. Akaja mwingine, kisha wa tatu. Walipita katikati ya miiba yangu kana kwamba haipo. Mmoja aliukumbatia mshubiri, akakata kikonyo kwa meno, akakaa juu ya jiwe akikila taratibu huku ananitazama. Sikuinuka kumfukuza. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, ameona yote.

"Sasa utafanyaje?" aliniuliza.

Wiki ile ile nilivuka kwenda Kamanga, nikapanda gari hadi Sengerema. Nilimkuta uani kwa mwanawe, anamenya karanga. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa kigoda. Nilimweleza habari za pimbi bila kujitetea. Alisikiliza huku vidole vikiendelea na karanga.

"Pimbi nawajua," alisema. "Mchana ukiwa kazini nilikuwa nashuka kuwafukuza."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Uliniuliza mbele za watu. Ningesema pimbi, nani angeniamini?"

Nilimwomba msamaha. Alisema amenisamehe zamani, na nadhani ni kweli, maana alimwita mkwewe anipikie, tukala pamoja. Nilipomkaribisha aje kututembelea, alisema miguu haiwezi tena yale mawe. Wakati wa kuaga ndipo aliposema lililokuwa moyoni mwake.

"Mimi umeniambia. Wale wa bombani je?"

Nilirudi nikawatafuta. Wa kwanza alikuwa amesahau kabisa, akacheka habari ya pimbi. Wa pili hakucheka. Aliniambia yeye alikuwa akimwachia yule mama ufunguo wa nyumba yake kila anapokwenda sokoni, na baada ya siku ile aliacha. Hakumwambia sababu, na yule mama hakuuliza. Niliondoka pale nikiona aibu kuliko siku niliyokuwa Sengerema.

Siku hizi nimeifunika mishubiri kwa wavu wa kuku, na inachanua. Ndege wadogo wanapenyeza midomo kwenye matundu kunyonya maua, na wapita njia huniomba machipukizi. Nawapa, na nawaambia yalitoka kwa nani. Yule mwanamke wa tatu alihamia upande wa Geita kabla sijamfikia. Nimeuliza kwa ndugu zake mara mbili, namba waliyonipa haipatikani. Huko aliko, kwake yeye, jirani yangu bado ni mwizi wa maua.