Mashine Pepe ya Ipuli

Kosa la Gaudensia lilikuwa kibao. Alikiandika kwa chaki akakitundika mlangoni: MASHINE PEPE IPO HAPA. Sasa pale Ipuli ukitamka mashine, mtu habishi, anakwenda kubeba mahindi.

Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na mapenzi yote yaliyombakia alikuwa ameyamimina kwenye kompyuta moja kuukuu, katika chumba cha nyuma cha kanisa. Humo aliwafundisha akina mama kuandika programu. Lakini wazee wa kanisa walitaka kukigeuza stoo ya viti. Jumatano wangekuja kuikagua mashine, na isipowaridhisha, afungashe. Na hakuwa na pengine pa kwenda.

Jumatano Mzee Gerson, mwenyekiti wao, akatokea na debe la mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, Mwalimu, saga."

Gaudensia akaeleza kwamba pepe maana yake mashine hii haina chuma wala mkanda. Imo ndani ya kompyuta, na huamshwa kwa mstari mmoja tu wa amri. Akafungua dirisha jeusi kwenye skrini, akaandika "endesha saga kwaya", saga likiwa jina aliloipa programu yake, akabonyeza. Majina ya wanakwaya, yaliyoingia shaghalabaghala, yakatoka yamejipanga kwa alfabeti.

"Na yale ya mwanzo?" Gerson akauliza.

"Yapo vilevile, mzee. Huo ndio utamu wake. Haigusi unachoipa. Inakutolea kipya, na cha zamani kinabaki kamili."

Gerson akalitazama debe lake. "Yaani natia mahindi, napata unga, na mahindi yangu yanabaki?"

Hapo angesema hapana. Tangu apate kipaimara hajawahi kusema uongo. Lakini stoo ya viti, jamani!

"Kwa kanuni, ndiyo."

Kesho yake foleni ya madebe ilifika barabarani. Kila debe likawekwa mbele ya kompyuta, Gaudensia akaandika jina la mwenyewe, akabonyeza. Jioni Gerson akapima lake kwa kibaba. Halikupungua hata punje. Akavua kofia.

"Nusu ya maneno ya Mwalimu imetimia," akawaambia wenzake. "Mahindi yamebaki. Sasa tunasubiri unga."

Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao cha wazee: Mwalimu Gaudensia asiondolewe chumbani mpaka unga utoke.

Gaudensia akasaini upesi, kabla mtu hajafikiri.