Ndama wa Tembo katika Zamu ya Salvina

Mwenye zamu ya maji haachi bwawa lipasuke. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya mfereji wetu, na adhabu yake haina mjadala: ukipoteza maji ya wenzako, hupati tone mpaka msimu uishe. Salvina Mlay aliishika sheria hiyo kwa miaka kumi na tisa. Mwaka jana, mwezi wa Agosti, aliivunja huku akijua.

Salvina, au Mama Pamela kama tunavyomwita, ana miaka hamsini na minne. Nyumba yake iko Mwika, kwenye kihamba cha migomba na kahawa alichoachiwa na marehemu mumewe. Lakini chakula cha mwaka hukilima porini, kama tunavyoita tambarare ya chini, upande wa mpakani. Huko mvua ni haba, na maji hushuka kwa mfereji kutoka mlimani. Hukusanywa usiku kucha katika bwawa la udongo, na asubuhi mwenye zamu hufungua mlango akamwagilia. Siku hiyo maharage yake, robo tatu ya eka, yalikuwa yameanza kutoa maua. Anayejua maharage anajua kwamba yakiwa na maua hayasubiri maji wiki mbili.

Alifika bwawani kunakucha, jembe begani, akasimama ghafla. Tembo kumi na mmoja walikuwa wamelizunguka bwawa.

Alikuwa amewaona tembo mara nyingi, kwa mbali, wakivuka mpaka wakati wa kiangazi. Kila mkulima wa porini amewaona, na wengi wetu tunawajua kwa jina moja tu: wezi. Lakini hakuwahi kuwaona wametulia namna ile. Hakuna aliyekuwa akila. Mahindi ya jirani yake, Filemon, yalikuwa hatua tano tu kutoka walipokuwa, na hakuna aliyeyagusa.

Ndipo alipoona, katikati ya maji, mkonga mwembamba kama mpini wa jembe umeinuka ukitafuta hewa. Ndama alikuwa ametumbukia. Zamani bwawa lilikuwa na upande wa mteremko ambako ng'ombe waliingia kunywa. Sisi wenyewe, kwa azimio la kikao, tuliuchimba tukauondoa ili bwawa libebe maji zaidi. Sasa kingo zilikuwa wima pande zote, tena zenye utelezi. Aliyeingia hakuwa na pa kutokea.

Simu ikalia. Alikuwa Filemon, amepanda juu ya kichuguu mwisho wa shamba lake.

"Mama Pamela, unawaona?"

"Nawaona."

"Sasa unangoja nini, wakuamkie shikamoo? Piga debe! Vijana wa baruti nimeshawaita, wako njiani na pikipiki."

"Kuna mtoto ndani ya maji, Filemon."

"Mtoto wa nani?"

"Wa kwao."

"Akifa tutamvuta kwa trekta. Maji yakimwagika utayavuta kwa nini? Piga debe, mama!"

Debe lilikuwa palepale, linaning'inia kwenye mgunga pamoja na rungu lake. Kulipiga ili kuwafukuza tembo ni wajibu wa mwenye zamu. Salvina alishika rungu. Anasema mkono ulikuwa umeshainuka alipoona kilichokuwa kikifanyika ukingoni.

Majike wawili walikuwa wamepiga magoti, wamepitisha mikonga yao chini ya kidevu cha ndama, wamemshikilia asizame. Mmoja alipochoka alirudi nyuma, na mwingine akashika nafasi yake bila kusukumana. Kelele hazikuwapo. Kulikuwa na mngurumo wa chini mno, ambao Salvina hakuusikia masikioni bali kifuani, kama mtu aliyesimama nje ya kanisa ngoma kubwa inapopigwa ndani.

Na jike mzee, sikio limechanika, pembe moja imekatika, alikuwa akilizunguka bwawa polepole. Kila baada ya hatua aliukanyaga ukingo kwa mguu wa mbele, akatulia, akasogea. Alikuwa akiupima. Akasimama mahali pamoja tu: pale tulipochimba ule mteremko, ambapo ukuta ulibaki mwembamba. Wajumbe wa kamati tulipita juu ya ukuta ule mwaka mzima bila kujua udhaifu wake. Yeye aliujua kwa unyayo.

Alimtazama Salvina. Kati yao zilikuwa hatua thelathini. Kisha akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa pembe iliyobaki.

Salvina akashusha rungu na kumpigia Filemon. "Wazuie vijana. Wakae barabarani."

"Umerogwa?"

"Baruti ikilia hapa, wakubwa watakimbia na mdogo atazama. Zamu ni yangu. Wazuie."

"Haya, mama wa tembo! Kikaoni utaenda peke yako."

Kazi ilichukua muda wa misa moja ya Jumapili. Ukuta ulipopasuka, maji ya familia thelathini na mbili yaliteremka vichakani, na ndama akatoka akiteleza juu ya tope. Wote walimjia. Walimpapasa mdomo, tumbo, miguu, kama mama anavyomkagua mtoto aliyeanguka mtini. Jike mzee hakuondoka mpaka wa mwisho alipopita.

Sisemi tembo ni malaika. Dume moja kijana liling'oa mistari miwili ya mahindi ya Filemon njiani, likala huku likitembea. Lakini nimeona koo za watu waliobatizwa wakimwacha ndugu yao hospitalini, kila mmoja akisema leo si siku yake. Wale walipokezana bila kuitana majina.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya misa. Mwenyekiti wa mfereji, mzee Kornel, hakutaka kumwadhibu.

"Mama Pamela, mbona mikono mitupu? Nenda hapo kwenye uzio ukate isale."

Isale ni jani ambalo kwetu likiletwa na anayeomba msamaha, hakuna awezaye kumkatalia. Kila mtu alijua jani moja lingemaliza jambo.

"Kata, mama," alisema Filemon, ambaye hasira ilikuwa imemshuka, akionyesha kwa kidole pombe ya ndizi iliyotungoja. "Mbege inachacha."

Salvina alisimama. "Shikamoo, mzee Kornel. Maji yenu nayasikitikia kweli. Lakini isale ni la mtu anayejuta. Kesho ndama akiwa ndani tena, debe lile sitalipiga. Nikileta isale nitakuwa nimewadanganya."

"Basi sheria itasema."

"Iseme."

Wengine walikiita kiburi. Mimi nilipiga kura ya adhabu, na ningeipiga tena, maana mfereji hauwezi kudumu ikiwa kila mwenye huruma atasamehewa maji ya wenzake. Yeye alilijua hilo kabla yetu, tangu aliposhusha rungu. Sijawahi kumheshimu mtu niliyemhukumu kama nilivyomheshimu yeye.

Tulilijenga upya bwawa kwa siku tisa, na Salvina alichimba nasi siku zote tisa. Maji yalipoanza kushuka, yalipita kando ya shamba lake. Maharage yake yalikauka yote yakiwa na maua, na mwaka huo hakuvuna hata ya mbegu.