Taulo la Mama na Mkono wa Nahodha

Kariakoo mpira ni mmoja tu. Ukisema umechezea timu ya taifa, mtu anakutazama miguu kwanza. Ukimwambia ni raga, anauliza kama ndiyo ile ya kupigana, halafu anarudi kwenye bei ya ndoo. Nimewahi kuwa nahodha wa timu ya nchi hii kwa miaka, nimeimba wimbo wa taifa ugenini, na mpaka leo wabeba mizigo wa mtaani kwetu wanaamini niliwahi kuendesha meli.

“Kapteni, mambo? Meli imezama?”

“Imezama,” nawajibu. Siku hizi nawajibu kwa hasira, nao wanacheka zaidi.

Mama yangu ana duka la vyombo vya jumla: mabeseni, majagi, ndoo za plastiki. Alikuja mjini kutoka Kilimanjaro akiwa binti, akakomaa hapahapa. Mechi zangu hakuzitazama hata moja kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya wateja wa mikoani, na mama hafungi duka kwa ajili ya mtoto kuangushwa. Lakini kila nilipoangushwa, yeye ndiye aliyenitengeneza.

Mama ana mkono wa kukanda. Amekanda wazazi wa mtaa mzima wakitoka hospitali na vichanga vyao, amekanda waliotegua vifundo, na wake wa kaka zangu wote wamepita mikononi mwake wakilia. Anachemsha maji, anatia chumvi, anazamisha taulo, anakamua, anakushindilia nalo mpaka uone nyota. Ukilia anafurahi. Anasema maumivu yakilia ndiyo yanatoka.

Tulikuwa tunafanya mazoezi Jangwani. Masika uwanja unageuka ziwa, tunasubiri maji yaondoke, tunarudi kuokota chupa na matope yaliyobaki ndipo tuanze kukimbia. Mimi nilicheza mstari wa mbele, pale watu wanane wanapokumbatiana mabega na kusukumana na wanane wa upande wa pili, vichwa vikiwa katikati. Shingo ndiyo mtaji wako pale. Na nahodha ana kazi nyingine: yeye ndiye anayezungumza na refa kwa niaba ya wenzake. Niliipenda kazi hiyo kuliko zote. Nilikuwa na maneno, hata marefa waliochoka walinisikiliza.

Mechi yangu ya mwisho ilikuwa nchi jirani. Tulifungwa vibaya. Karibu na mwisho ile safu yetu ilianguka, nikabaki chini ya wenzangu, shingo imepinda. Niliinuka. Nikamaliza mechi, nikawapa mkono wapinzani, nikapanda basi la kurudi. Daktari wa timu hatukuwa naye, tulikuwa na dawa ya kupuliza tu. Njia nzima nilikaa nimegeukia dirishani, kwa sababu upande wa pili shingo haikukubali.

Hospitali sikwenda. Nilienda kwa mama, kama siku zote. Nilifungua vifungo vya shati mwenyewe, nikakaa kwenye kistuli. Alinikanda vizuri, akapapasa nyuma ya shingo, akasema imekaa vibaya. Akashika kichwa changu kwa mikono miwili, akakivuta na kukizungusha. Kitu kikalia ko!

“Imerudi,” akasema, amefurahi kweli.

Asubuhi nilishindwa kufunga vifungo. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, na mimi nikausubiri uamke.

Mama alifunga duka siku hiyo, tukaenda hospitali pamoja. Alibaki kwenye benchi la nje na chupa ya chai mapajani. Daktari alitazama picha za shingo muda mrefu. Akaniuliza kama kuna mtu aliyeivuta ile shingo baada ya kuumia.

“Hapana,” nikasema.

Akanieleza kwamba mishipa ya fahamu imeharibika na nisitegemee mkono kurudi. Sikumbuki nilimjibu nini. Nilipotoka, mama alisimama haraka mpaka chai ikamwagika.

“Wanasemaje, baba?”

“Wanasema tuendelee kukanda.”

Nilidhani ni neno la uongo la siku moja, la kutufikisha nyumbani. Likawa la kila jioni. Mama akifunga duka, adhana ya magharibi ikishapita, anaweka maji jikoni. Mimi nakaa mbele ya televisheni, mkono umening'inia nyuma ya kiti, naye anaukanda kuanzia kiwiko hadi vidole, pale nisipohisi kitu kabisa. Kila jioni ananiuliza kama maji yanachoma. Kila jioni nakunja uso na kuvuta hewa kwa meno.

“Yanachoma, mama. Taratibu!”

“Basi unapona,” anasema, na sauti yake inakuwa nyepesi. Timu ilishapata nahodha mwingine, simu zilishakatika, dukani nimebaki wa kukaa kwenye kiti na kutaja bei. Sikuwa na kingine cha kumpa mama zaidi ya uso ule uliokunjwa.

Juzi alinikanda kama kawaida. Taarifa ya habari ilikuwa inasomwa.

“Yanachoma?”

“Yanachoma! Pole pole basi, mama.”

Nikangoja ile “basi unapona” yake, haikuja. Nikageuka. Beseni halikuwa na mvuke. Nikatumbukiza mkono wa kushoto, na maji yalikuwa ya bombani, baridi.

“Gesi imeisha tangu mchana,” alisema. Alikuwa ananitazama usoni kama anatafuta mtu. “Tangu lini huhisi?”

“Mama...”

“Nakuuliza, tangu lini?”

“Tangu ile mechi. Ni raga hiyo, mama. Wote tunaumia.”

“Kutoka raga ulirudi unafungua vifungo mwenyewe.”

Mimi niliyekuwa nabishana na marefa kwa niaba ya nchi nzima, nilitafuta neno moja tu la kumwambia mama yangu.

Akalizamisha taulo kwenye yale maji baridi, akalikamua, akaushika mkono wangu. Akaendelea kukanda, kuanzia kiwiko hadi vidole, bila kuniuliza kitu.